Gati la mita 13.5 Mtwara tunalo. Mbona korosho ndiyo inayongoja meli?

#1 Mwanashangani
Wadau wa kusini, salaam.

Naweka hoja mezani, mwenye kupinga apinge kwa takwimu. Gati jipya la bandari ya Mtwara lina urefu wa mita 300 na kina cha mita 13.5. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2017, gharama ikatajwa kuwa kama Sh bilioni 157, pesa ya serikali yenyewe. Tukaambiwa uwezo wa bandari unapanda kutoka tani 400,000 hadi tani milioni 1 kwa mwaka. Msimu wa 2023/24 likaja agizo kwamba korosho za huku zitokee hapahapa, zisipande tena malori kwenda Dar.

Lakini ikifika Novemba wimbo ni uleule: maghala yamefurika, mnunuzi keshalipia mnadani, kontena hakuna. Dai langu: tumemwaga zege, biashara tumeiacha njiani. Dar wamempa DP World, kampuni ya Dubai, bandari nzima, mambo yanakwenda. Na Mtwara apewe mtu binafsi alete meli. Mnasemaje?

#2 Chikongola Mjini
Rekebisho la kwanza kabla watu hawajabeba hilo: DP World hakupewa Dar nzima. Mkataba wa Oktoba 2023 ni wa gati namba 0 hadi 7, miaka 30. Gati 8 hadi 11, zilizokuwa za kampuni ya makontena ya TICTS mpaka mwisho wa 2022, zilikwenda Mei 2024 kwa kampuni nyingine yenye Adani na AD Ports ndani yake. Mafuta yana mambo yake.

Rekebisho la pili ndilo kubwa. Mwendeshaji wa gati haleti meli. Analeta kreni, trekta za yadi, mfumo wa kompyuta na watu. Meli ni ya kampuni ya meli, na kampuni ya meli inakwenda penye mzigo wa kwenda na wa kurudi. Ukimpa mtu gati la Mtwara leo atakuuliza swali moja tu: mzigo wa kuingia uko wapi?

#3 Kijiti
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#4 Bamvua
Kijiti, karanga unazotafuna ndizo zilizotuletea hiyo bandari, kwa hiyo keti kwa heshima.

Mwanashangani, kina cha gati si kina cha bandari. Mita 13.5 inapimwa kutoka maji ya chini kabisa, mbele ya ukuta wa gati. Meli kabla ya kufika hapo inapita lango kati ya Msangamkuu na mji, inakata kona, ndipo inageuzwa. Rubani anaangalia mambo matatu: maji chini ya mkuku (uti wa chini wa meli), urefu wa chombo kwenye kona, na upepo. Kanuni ya kazi ni kubakiza kama asilimia 10 ya kina cha meli chini ya mkuku ikiwa inatembea. Meli inayozama mita 12.5 inataka mita 13.75. Kwa hiyo utasubiri maji yajae. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, nafasi ipo. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, nahodha anapunguza mzigo au anangoja.

Ila hilo ni la meli za makaa ya mawe na klinka, malighafi ya saruji. Meli ya kontena inayokuja kuchukua korosho haizami hivyo. Kwa hiyo kwa korosho kina si tatizo hata kidogo, na waliouza gati hili kwa wananchi kama dawa ya korosho walichanganya mafaili.

#5 Mzani wa Mtama
Hesabu kwanza, siasa baadaye.

Gunia la juti la korosho ghafi ni kilo 80. Kontena ya futi 20 inakula magunia 200, yaani tani 16. Mwaka 2017/18 taifa lilivuna kama tani 313,000. Tuseme tani 300,000 zinapita Mtwara: hizo ni kontena 18,750 za futi 20. Msimu mzito ni miezi 4, wiki 17. Meli ya wastani inayoandikwa kontena 1,700, ukiipakia kontena nzito pekee inabeba labda 1,200. Unahitaji safari 16. Meli moja kila wiki, bila kukosa, kuanzia Oktoba hadi Januari.

Sasa angalia upande wa pili. Kila meli ije na kontena 1,200 matupu, ishushe, ipakie 1,200 yaliyojaa. Miondoko 2,400 kwa meli moja. Winchi za meli yenyewe, mbili kwa pamoja, kila moja miondoko 12 kwa saa: unakaa saa 100 gatini, siku 4 na ushee. Ukiwa na kreni ya kutembea inayotoa 22 kwa saa pamoja na winchi moja ya meli, unamaliza kwa saa 70 hivi. Siku zaidi ya moja imeokolewa, na meli ya kukodi inalipiwa kwa siku.

Kwa hiyo kreni inasaidia. Lakini kreni haizai kontena tupu. Hapo namuunga mkono #2.

#6 Mama Salfa
Mnazungumza kama Mtwara hakuingii kitu. Salfa inaingia! Ya kupuliza ubwiriunga, ukungu wa mikorosho. Kontena na kontena, meli na meli. Na klinka, na ngano kidogo, na vifaa vya gesi.

#7 Chikongola Mjini
Dada, salfa ni hoja nzuri ila itazame kalenda. Salfa inatakiwa ghalani kabla mikorosho haijachanua, mkulima anapuliza kuanzia Mei, Juni hivi. Kontena zake zinabaki tupu Juni. Korosho ya kwanza inapigwa mnada Oktoba. Nani atakuachia kontena zake zilale Mtwara miezi 4 wakati mteja wa Mombasa anazitaka wiki hii? Kampuni ya meli inapata pesa kontena likizunguka. Zinabebwa zikiwa tupu Julai, Oktoba zinarudishwa zikiwa tupu. Safari zote mbili bila mzigo, na gharama anabandikwa msafirishaji wa korosho ndani ya nauli.

#8 Mama Salfa
Na ufuta je? Ufuta unauzwa Juni mpaka Agosti. Halafu mbaazi mpaka Oktoba. Lindi ndiyo ufuta wenyewe. Kontena ya salfa ikishushwa, ifagiliwe, ioshwe, ipakie ufuta palepale. Mnaacha pengo ambalo limejaa mali.

#9 Mwanashangani
Dada hapo umenipa silaha mpya. Ufuta unapanda lori kwenda Dar mbele ya bandari yetu.

#10 Wakala Bila Ofisi
Kuhusu ufuta kwenye kontena ya salfa: taratibu. Salfa ina harufu, na unga wake unajificha kwenye bati la pembeni lenye mikunjo na kwenye mbao za sakafu. Ufuta ni chakula, unanyonya harufu. Wanunuzi wa Japani wanapima mpaka chembe. Kuosha kwa maji ya bomba hakutoshi: unafagia, unapuliza kwa upepo wa kompresa, unaosha kwa presha, unakausha mlango wazi, halafu mkaguzi anaingia, mlango unafungwa, ananusa na kuangalia kama mwanga unapenya kwenye tundu. Sakafu ikibaki na unyevu umehamisha tatizo tu. Inawezekana, ila uwe na sehemu ya kuoshea na watu wa kazi hiyo. Hapo ndipo mtu binafsi angefaa: yadi ya kontena tupu yenye kuosha, kukarabati na kukagua. Huhitaji kumpa gati.

Lakini mimi sababu yangu ni nyingine kabisa. Uamuzi haufanyiki Mtwara. Mnunuzi ana benki Dar, wakala wa meli ana meneja Dar, hati ya kusafirishia inachapishwa Dar, kibali kikikwama mtandaoni anayekikwamua yuko Dar. Mzigo uko Mtwara, karatasi ziko kilomita 560. Kontena likisubiri karatasi siku 3, yadi inajaa, la nyuma halipiti. Watu wanaita upungufu wa kontena, kumbe yapo, yamekaliwa.

#11 Zege na Nondo
Nami niseme la upande wangu, maana yadi imetajwa mara mbili na hakuna aliyeipima.

Kontena ya futi 20 inakalia mita za mraba karibu 15. Ukiweka na njia za mashine ya kupangia, hesabu 35 kwa kila nafasi ya chini. Ukitaka kuhifadhi 5,000 kwa mpango wa 4 kwenda juu, ni nafasi 1,250, yaani hekta 4 na nusu hivi. Hiyo ni sakafu ngumu, si uwanja wa changarawe. Mashine ya kunyanyulia ikishika kontena lenye tani 30 na kulisogeza mbele, ekseli yake ya mbele inakanyaga kwa karibu tani 100. Tofali za zege za kufungana zenye unene wa sentimita 8 hadi 10, juu ya tabaka la udongo uliochanganywa saruji, zinahimili. Ukipunguza lile tabaka la saruji ili kuokoa hela, mvua ya kwanza ya Desemba mchanga unanyonywa chini, tofali zinabonyea pale mashine inapokata kona, na kontena ya 4 juu inaanza kuinama. Opereta mwenye akili anashusha mpango kutoka 4 hadi 3. Umeshapoteza robo ya yadi bila mtu kuandika barua.

Na gati la zamani, lile la mita 385 la enzi ya mkoloni, kina chake ni chini ya mita 10. Kreni ya kutembea ya tani 100 yenyewe ina uzito wa tani 300 na zaidi. Ikinyanyua kwa pembeni, mguu mmoja unaweza kushusha tani 150 mahali pamoja. Huwezi kuiweka popote kwenye sakafu ya miaka ya 1950 kwa kuwa imetoshea. Unapima nguzo, unaweka bamba za kutawanya uzito, au unaibakiza kwenye gati jipya. Ndiyo maana gati mbili si uwezo mara mbili.

#12 Kijiti
#11 kaja na futikamba. Endelea mkuu, karanga bado zipo.

#13 Mtanda Lindi
Watu wa Mtwara mnalia na gati la mita 13.5, sisi wa Lindi tuseme nini? Makao makuu ya jimbo mlituchukulia, bandari mkatuchukulia, reli ikaanzia kwetu Mkwaya mkaivuta kwenu, halafu mkaiua. Bora mngetuachia karanga.

#14 Bamvua
Mjomba Mtanda, reli hatukuiua sisi. Iliuawa na hesabu. Mpango wa Karanga, ule wa mkoloni wa mashamba makubwa ya karanga, ulianza 1947, ukafutwa 1951. Reli ya kwenda Nachingwea ikaachiwa kubeba mzigo ambao haupo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Kilichobaki ni gati. Mkwaya maji yake yana tope la mto na ni mafupi, bandari ya kina haikuwezekana pale bila kuchimba kila mwaka. Mtwara kina ni cha asili. Ming'oko mtaletewa kama fidia.

Ila historia hiyo iko ndani ya mada. Mara ya kwanza bandari ilijengwa kwa mzigo mmoja. Mzigo ulipokufa, bandari ililala. Leo tunaijengea korosho, mzigo wa miezi 4.

#15 Mwanashangani
Si wa miezi 4 tena, kuna makaa ya mawe ya Liganga, mwaka mzima.

#16 Mzani wa Mtama
Liganga ni chuma. Makaa ni Mchuchuma na Ngaka. Yanayoshuka Mtwara yalianza na Ngaka, Mbinga, na vita ya Ukraine ya 2022 ndiyo iliyoyapandisha bei.

Na hayo makaa ni baraka yenye miba. Meli ya tani 50,000 inataka malori karibu 1,670 ya tani 30. Gatini, kijiko cha meli cha mita za ujazo 12 kinachota kama tani 9 na nusu. Kwenye karatasi winchi nne zinaweza kupakia tani 10,000 na kitu kwa siku. Uhalisia unaongozwa na lori: likichelewa Tunduru, kijiko kinaning'inia hewani. Tani 5,000 hadi 7,000 kwa siku ni kazi nzuri. Kwa hiyo meli moja ya makaa inakalia gati siku 7 hadi 10. Ikiwa ni Novemba, meli ya korosho iko nje imetia nanga, inahesabu dimareji, tozo ya kucheleweshwa.

Mnaona? Mwaka mzima ni kweli, lakini ule mwezi mnaoutaka ndio uleule anaoutaka mwenzenu.

#17 Mama Salfa
Na vumbi! Juti ni kitambaa kilichofumwa wazi. Vumbi la makaa likiingia kwenye gunia, Mhindi akikata sampuli anashusha bei.

#18 Wakala Bila Ofisi
Kweli, japo korosho ikishafungwa ndani ya kontena vumbi halina kazi. Hatari ni korosho inayopakiwa kichele, magunia moja kwa moja tumboni mwa meli, pale kontena zikikosekana. Hapo gati lazima lifagiliwe na kuoshwa baada ya makaa, tumbo la meli likaguliwe, maturubai yawekwe chini ya nyavu za kunyanyulia. Kuosha gati ni nusu siku hadi siku nzima. Na maji yale meusi yaende kwenye shimo la kutuamisha, si baharini.

Bila kusahau makaa yanajichoma yenyewe. Lundo likipandishwa juu sana bila kushindiliwa, hewa inapita katikati, joto linapanda. Kanuni za kimataifa za shehena ya kichele zinasema makaa yakizidi nyuzi 55 hayapakiwi melini. Unalitawanya lundo, unasubiri lipoe. Siku nyingine zimeondoka.

#19 Zege na Nondo
Ndiyo maana ya bandari ya mizigo michafu iliyopangwa Kisiwa, Mgao. Makaa, klinka na saruji vihame huko, Mtwara ibaki na kontena na vyakula. Na kiwanda cha saruji cha Dangote kiko upande huohuo. Hiyo ndiyo ingekuwa sehemu sahihi ya ubia na mtu binafsi: gati moja, mzigo wa aina moja, mwenye mgodi au kiwanda anajenga mkanda wa kupakilia kwa sababu ni mzigo wake mwenyewe. Hatari ya kukosa mzigo anaibeba anayeujua mzigo.

#20 Kifungu Kidogo
Nilikuwa nasoma kimya, ila #19 kagusa penyewe.

Watu wanasema "apewe mwekezaji" kama vile ni kitu kimoja. Kuna njia nyingi. Mamlaka inaweza kubaki mwenye nyumba: ardhi, gati na mlango wa bahari ni vyake, mwendeshaji analipa kodi ya pango na kiasi kwa kila kontena, mitambo analeta yeye. Inaweza kununua mitambo yenyewe na kuajiri kampuni ya kuendesha tu kwa ada. Au mtu ajenge kila kitu, aendeshe miaka 25 au 30, kisha akabidhi. Sheria ya ubia ipo tangu 2010 na imerekebishwa mara kadhaa, njia si tatizo.

Tatizo ni nani anabeba mwezi mtupu. Mwendeshaji wa Mtwara akijua Februari mpaka Mei hana kontena, ataomba moja kati ya haya: serikali imhakikishie kiwango cha chini cha mzigo na kulipa pengo, au apewe haki ya peke yake ili wengine wasijenge jirani, au tozo zipande. La kwanza linamuumiza mlipa kodi, la pili linaiua Kisiwa kabla haijazaliwa, la tatu linarudisha korosho barabarani. Dar hakuna aliyehitaji hilo, maana Dar ina mizigo ya Kongo na Zambia inayosubiri mlangoni.

Mkataba mzuri wa bandari ndogo ungekuwa mfupi, miaka 10 hivi, wa mitambo na yadi pekee, na kipimo cha kila robo mwaka: miondoko kwa saa, muda wa lori kuingia na kutoka, asilimia ya saa ambazo kreni iko nzima. Kipimo cha mwisho ndicho watu wanakisahau. Kreni moja ikifa pampu ya haidroliki Novemba na kipuri kiko Ulaya, msimu umekwisha.

#21 Mwanashangani
Kifungu Kidogo, asante kwa shule. Lakini umejibu kwa nini mwekezaji ataogopa, hujajibu kwa nini serikali imeweza. Gati limejengwa kwa pesa ya ndani, halina deni la Benki ya Dunia kama upanuzi wa Dar. Sasa kama zege tumelipa taslimu, tozo za Mtwara zingeshushwa mpaka meli ione aibu kupita mbali. Hilo ni uamuzi wa karatasi moja.

#22 Chikongola Mjini
Tozo za bandari ni kipande kidogo cha gharama ya meli kupotoka njia. Kutoka Dar kuja hapa ni chini ya siku moja kwa mwendo wa maili 12 za bahari kwa saa, kurudi vilevile, na siku 3 au 4 gatini. Ni karibu wiki nzima ya kukodi meli na mafuta yake. Ukimsamehe ada ya rubani na ya tagi, boti ya kuvuta meli, bado hujamfidia. Kinachomfidia ni kujua kwamba Jumanne ya kila wiki atakuta kontena 1,000 zimeshafungwa, zimepimwa, karatasi tayari. Uhakika ndio punguzo.

#23 Bamvua
Hapo sikubaliani sana. Kuna njia ya tatu: vyombo vidogo vya pwani. Kontena zishushwe Dar kwenye meli kubwa, zije Mtwara kwa chombo cha kontena 300 au tishari linalovutwa, kila siku 4 kwenda na kurudi. Hakihitaji mita 13.5, kinalala gati la zamani, na hakigombani na makaa. Nyakati za kaskazi bahari ya huku inavumilika, kusi ndiyo inasumbua tishari, na kusi haimo kwenye msimu wa korosho.

#24 Mzani wa Mtama
Safari za siku 4, kontena 300, wiki 17: safari 29 au 30, kontena 9,000. Ni nusu ya mzigo. Vyombo viwili, umemaliza. Ila umeunyanyua mzigo mara mbili zaidi, kushusha Dar na kupakia Dar, na Dar penyewe pana foleni. Na ukishapeleka Dar, agizo la kutumia Mtwara limebaki jina.

#25 Mtanda Lindi
Chombo cha kontena 300 kinaingia Lindi pia 😁

#26 Bamvua
Kinaingia maji yakijaa. Yakitoka mtakitembelea kwa miguu.

#27 Mtanda Lindi
Sawa. Sisi tuna bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, zaidi ya Sh bilioni 260. Endeleeni na foleni yenu, tutawauzia jodari.

#28 Likonde
Natoka Songea, naomba kuuliza nje kidogo. Kila mtu anasema mzigo wa kuingia haupo. Malawi je? Ushoroba wa Mtwara ulisainiwa na nchi nne, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia, tangu 2004. Lami Songea mpaka Masasi ipo. Mbamba Bay kuna bandari. Mbolea ya Malawi ingejaza hizo kontena zinazokuja tupu.

#29 Chikongola Mjini
Kaka Likonde, mshindani wako ni Nacala. Kina cha asili kama chetu, imekarabatiwa kwa msaada wa Japani, na ina reli inayoingia Malawi moja kwa moja. Wewe una lori la zaidi ya kilomita 800, halafu meli ya ziwani, halafu lori tena. Mbolea ni mzigo wa bei ndogo, hauvumilii kushikwa mara tatu. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikijengwa tutazungumza mengine.

#30 Zege na Nondo
Na lami unayoisema ndiyo inabeba makaa. Tazama tabaka la juu linavyosukumwa kwenye miinuko, upande wa lori lililojaa tu, upande wa kurudi uko safi. Barabara ya Dar nayo Mei 2024 ilikatika Kilwa, mvua na kimbunga Hidaya vikang'oa madaraja Somanga. Siku zile bahari ilikuwa hoja yenye nguvu kuliko agizo lolote.

#31 Kifungu Kidogo
Na hakuna aliyeiongelea njia ya kupunguza kontena zenyewe: kubangua. Korosho ghafi ikibanguliwa inabaki na kiini kama robo ya uzito, hata chini. Tani 300,000 ghafi zingekuwa tani 70,000 hivi za kiini. Kontena 18,750 zinashuka chini ya 5,000, na zinatoka mwaka mzima kwa sababu kiwanda kinabangua kutoka ghalani. Tunadai meli ya kusafirishia maganda.

#32 Wakala Bila Ofisi
Nilijua kuna mtu atafika huko. Kwenye karatasi ni sahihi. Kiwanda kinataka mtaji wa kununua korosho ya miezi 12 ndani ya miezi 3, kwa riba ya benki zetu, kikishindana mnadani na mnunuzi wa Vietnam mwenye mkopo wa bei rahisi. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa na serikali miaka ya 1970 na 80 viligeuka maghala. Bandari haitangoja jibu la hilo.

#33 Mwanashangani
Basi mpaka sasa nimehesabu: kontena, kalenda, karatasi, yadi, makaa, ratiba, barabara, kubangua. Mwekezaji wangu mmemzika bila sanda.

#34 Kijiti
Karanga zimeisha. Swali la mtu wa kawaida: nina ndugu ana mbaazi, chama chao kinataka kujaribu kutolea Mtwara mwaka huu, futi 20 au 40?

#35 Wakala Bila Ofisi
Futi 20. Mbaazi ni nzito, 20 inakula tani 24 hivi, na 40 haitabeba mara mbili kwa sababu uzito wa mwisho na mizani ya barabarani vinakuzuia kabla haijajaa. Aombe nafasi melini wiki 3 kabla. Kontena akipokea, alikague mchana mlango umefungwa akiwa ndani. Aweke karatasi za kaki ukutani na mifuko ya kunyonya unyevu kwenye mikunjo, kwa sababu usiku bati likipoa jasho linadondokea mzigo wa juu. Ufukizaji ufanywe kabla ya cheti cha afya ya mimea, si baada. Uzito uliothibitishwa wa kontena zima uwasilishwe kabla ya muda wa mwisho wa meli, ni sharti la dunia nzima tangu Julai 2016, na hapo ndipo wengi wanaachwa gatini.

#36 Mama Salfa
Na amuulize wakala wa meli kwa maandishi: kontena likishaingia yadi na meli ikachelewa, siku za bure zinahesabiwa kuanzia lini na nani analipa umeme wa... hapana, hilo ni la samaki. Nani analipa hifadhi. Wasiposema kwa maandishi atalipa ndugu yako.

#37 Mtanda Lindi
La samaki lileteni Kilwa.